Bustani ya Kituo cha Watoto Huanzia Jikoni: Namna ya Kuipanga, Kuilima na Kuitunza

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, miaka kadhaa iliyopita, tulipanda chainizi kwenye matuta 10 ya kituo kimoja cha kulelea watoto kilichoko chini ya milima ya Uluguru, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Tulikwenda wengi, na majembe mapya na fulana za sare, na ilipofika saa nane mchana kazi ilikuwa imekwisha na picha zimeshapigwa. Wiki ya sita chainizi yote ikakomaa kwa mkupuo. Watoto 38 wakala chainizi mchana na usiku kwa siku 12, iliyobaki ikatoa maua ya njano, nyingine wakapewa mbuzi wa jirani, na matuta yakakaa matupu mpaka mvua za vuli zilipoyaotesha magugu. Miezi mingi baadaye nilipopita tena, mtoto mmoja wa darasa la pili aliniuliza, kwa wasiwasi wa dhati kabisa, kama nimeleta tena "zile mboga zisizoisha".

Kosa letu halikuwa la kilimo, kwa maana chainizi ilistawi vizuri mno. Tulikosea kwa kuianzia bustani shambani. Siku ile nzima hakuna aliyeingia jikoni kumwuliza mama mpishi anapika nini Jumatatu, anatumia mafungu mangapi ya mboga, ananunua wapi, na hukwama mwezi gani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vikundi vya jumuiya, misikiti, makanisa, wafanyakazi wa ofisi moja na watu binafsi wanaotaka kukisaidia kituo kilime chakula chake, pamoja na walezi wa vituo wenyewe; nao unaanzia pale tulipopaswa kuanzia sisi, yaani kwenye sufuria.

Wiki moja jikoni

Kabla ya kuahidi chochote, ombeni ruhusa ya msimamizi wa kituo muandike kwa siku 7 kila kinachoingia kwenye sufuria: kiasi chake, bei yake na kilikotoka. Katika vituo vingi mtakuta mpangilio unaofanana, yaani uji asubuhi, ugali wa sembe na maharage mchana, ugali au wali na maharage usiku, na nyama siku anapokuja mgeni. Mchele, sukari, mafuta ya kula na sabuni huletwa na wageni, hasa wakati wa Ramadhani na Krismasi, kwa sababu ni vitu vinavyobebeka na kukaa. Ni nadra mtu kubeba mafungu 40 ya mchicha kuyapeleka kituoni, na mpishi naye hukata bajeti ya mboga kabla ya kitu kingine chochote fedha zinapopungua. Pengo la bustani ndilo hilo: mboga za majani, matunda, na baadaye mayai.

Kwa sababu hiyo sishauri kabisa kupanda mahindi kwenye robo eka ya kituo, ijapokuwa kila kamati ninayokutana nayo hutamani kuanza nayo. Robo eka ikikubali sana itatoa gunia 5 za kilo 100, na kwa watoto 38 wanaokula wastani wa gramu 300 za unga kwa siku hizo ni ugali wa mwezi mmoja na nusu hivi, baada ya kusubiri miezi minne. Ardhi hiyo hiyo ikiwa ya mboga inaweza kulisha jiko karibu mwaka mzima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale walau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Bustani haitafikisha kiwango chote hicho mwaka wa kwanza, kwa hiyo anzeni na lengo la gramu 150 za mboga za majani kwa kila mtoto, ambazo kwa watoto 38 ni karibu kilo 6 kwa siku, au kilo 180 kwa mwezi. Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, likitunzwa na mtu anayejua kazi, mimi hulikadiria kutoa kilo 15 za mboga kwa mwezi. Wapo watakaovuna zaidi, lakini ni afadhali kukadiria chini. Basi mnahitaji matuta 12 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja, yaani mita 120 za mraba bila kuhesabu njia. Mtu akishaiona hesabu hii huacha kuulizia eka mbili za ardhi na kuanza kuulizia maji.

Maji, uzio na hati ya kiwanja

Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi mvua za vuli, mboga zinahitaji takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 120 ni lita 600, yaani ndoo 30 za lita 20. Simameni bombani au kisimani, mzitazame hizo ndoo 30 kwa macho ya akili, kisha mjiulize ni nani atakayezibeba kila siku, Jumapili ikiwemo. Kama jibu ni "watoto wakitoka shule", punguzeni matuta yawe 4 wakati wa kiangazi, mtumie ndoo 10, na muongeze mvua zikianza. Bustani ndogo ya kijani mwezi wa Septemba ina faida kuliko kubwa iliyokauka.

Paa la kituo nalo ni chanzo cha maji. Bati lenye eneo la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000, na hata baada ya kuondoa yanayopotea kwenye mifereji, mvua moja nzuri ya masika hujaza simtanki ya ujazo huo kwa sehemu kubwa. Maji yaliyooshea mboga na mchele yaende bustanini moja kwa moja. Maji ya kufulia yenye sabuni yaelekezwe kwenye migomba, ambayo haichagui sana. Maji ya mtaro unaopokea majitaka yasitumike kwa mboga kwa hali yoyote, hata jirani anayelima mchicha akiwaambia kwamba yeye anayatumia na hajaona tatizo.

Uzio uje kabla ya mbegu. Nimeona mbuzi watatu wakimaliza kazi ya miezi miwili kati ya adhana ya alfajiri na kuchomoza kwa jua, na mwenye mbuzi hakuwa na cha kulipa ila pole. Seng'enge ni ghali, lakini mianzi, matete au michongoma iliyopandwa kwa kubanana hufanya kazi hiyo hiyo ikiwa mtaanza mapema.

Ulizeni pia kama kiwanja ni cha kituo au cha kupanga. Vituo kadhaa vimehamishwa huku vikiacha miparachichi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa. Kwenye kiwanja cha kupanga limeni mboga peke yake, na kama uwanja ni mdogo au umesakafiwa, tumieni bustani ya gunia. Chukueni gunia la kilo 100, mlijaze mchanganyiko wa udongo na samadi iliyoiva, huku katikati mkisimamisha kopo kubwa lisilo na matako na kulijaza kokoto. Udongo ukifika usawa wa kopo, livuteni juu, mlijaze kokoto tena, na kuendelea hivyo mpaka juu, ili ubaki mnara wa kokoto unaopeleka maji hadi chini. Toboeni matundu ubavuni kwa kupishana, kila tundu liwe umbali wa shibiri moja na lenzake, mpandikize sukuma wiki au spinachi kwenye kila tundu, na juu mpande mchicha au vitunguu. Gunia moja halifiki mbali, ila magunia 15 kwenye ua wa jikoni ni bustani kamili, na mpishi huchuma akiwa na mwiko mkononi.

Udongo hulishwa kwanza

Udongo wa miteremko ya Morogoro ni mwekundu na mzito, hukwama kwenye jembe wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wa Pwani ni kichanga kinachopitisha maji kama chekecheke. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni mboji na samadi kwa wingi. Kwa kuanzia wekeni debe moja la samadi iliyoiva kwa kila mita ya mraba, muichanganye na udongo wa juu kwa kina cha jembe, mlimwagilie tuta na kuliacha kwa wiki moja au mbili. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche, na inaweza kubeba mayai ya minyoo na vimelea vingine hadi kwenye mboga za watoto, kwa hiyo iwekeni lundo kwa miezi mitatu ndipo muitumie.

Kituo chenye watu 40 na zaidi hutupa kila siku ndoo nzima ya maganda ya ndizi, viazi na vitunguu, na hiyo ndiyo mboji. Pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la mabaki ya jikoni, samadi kidogo na majivu kiasi cha kunyunyiza, mrudie mpaka kimo cha kiuno, mlowanishe na kufunika kwa majani ya migomba. Chomekeni fimbo ndefu katikati: mkiichomoa baada ya siku 5 na kuikuta ya moto, mboji inapikika, ikiwa ya baridi na kavu, ongezeni maji. Lundo lipinduliwe kila baada ya wiki mbili au tatu, na ndani ya miezi mitatu hivi mtapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Nyama, mifupa na mabaki ya mafuta yasiwekwe humo, kwa sababu huleta panya.

Wenye nafasi wanaweza kupeleka sampuli ya udongo kupimwa, na hapa Morogoro Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina maabara ya kazi hiyo. Msisubiri majibu hayo ndipo muanze mboji.

Kupanda kwa zamu

Hili ndilo tulilolikosa mwaka ule wa chainizi. Jiko linahitaji kilo 6 leo na kilo 6 kesho, wakati tuta lililopandwa siku moja hukomaa siku moja. Mgawanyo wa matuta 12 ninaoupendekeza ni huu: 4 ya mchicha, 2 ya sukuma wiki, 2 ya viazi lishe na matembele, na moja moja ya mnafu, kunde za majani, nyanya chungu, na karoti au vitunguu. Mpishi ana haki ya kuubadilisha. Kituo kimoja kilikataa mnafu kabisa kwa sababu watoto waliuona mchungu, lakini wakaupenda mgagani uliopikwa kwa maziwa, nasi tukabadili mbegu.

Mchicha ndio saa ya bustani. Sieni tuta la kwanza wiki ya kwanza, la pili wiki ya pili, na kuendelea hivyo. Ifikapo wiki ya tano tuta la kwanza linakuwa tayari, linang'olewa, linatiwa samadi na kusiwa upya siku hiyo hiyo. Mbegu za mchicha ni ndogo kuliko ulezi, na mkono wa mtu humwaga nyingi mno, kwa hiyo changanyeni kiganja kimoja cha mbegu na viganja vitano vya mchanga mkavu, mmwage kwenye vifereji vyenye kina kisichozidi nusu ya kucha ya kidole gumba, vikipishana kwa sentimita 20. Fukieni kwa udongo laini, mtandaze nyasi kavu na kumwagilia juu yake. Siku ya nne au ya tano, mara miche inapochungulia, nyasi ziondolewe jioni, kwa sababu zikikaa zaidi miche hurefuka, hupauka na kulala. Miche ikibanana mno na kumwagiliwa kupita kiasi hupata kinyausi, ikaoza shingo na kuanguka. Kuipunguza mapema ni tiba tosha, na ile iliyong'olewa inaliwa.

Sukuma wiki huanzia kitaluni kwa wiki nne, kisha hupandikizwa jioni kwenye tuta katika mistari miwili, mche na mche ukiachana kwa sentimita 45. Anzeni kuchuma baada ya miezi miwili hivi tangu kusia mbegu, mkichukua majani ya chini na kuyaacha 4 au 5 ya juu. Mvunaji mwenye haraka anayekwangua shina hadi kileleni ndiye adui wa sukuma wiki kuliko mdudu yeyote.

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vipewe heshima ya pekee katika kituo chenye watoto wadogo. Rangi hiyo ndiyo chimbuko la vitamini A, na kiazi kimoja kidogo cha gramu 125 hutosheleza mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajafikia umri wa kuanza shule. Mbegu kama Kabode na Mataya zinapatikana kwa wazalishaji wa marando, yaani vipande vya shina la kiazi vya kupanda. Kateni marando ya sentimita 30 kutoka kwenye ncha ya mmea wenye afya, mfukie theluthi mbili yake, umbali wa sentimita 30, na mvune baada ya miezi minne hivi. Majani machanga ni matembele, mboga inayozaa bila manung'uniko, ila msichume mno kwenye tuta mnalotegemea viazi.

Mtashangaa kwamba sijataja nyanya. Tangu mwaka 2014, alipoingia Tanzania yule mdudu ambaye wakulima wamemwita kantangaze, nyanya imekuwa zao la mtu mwenye bomba la dawa begani, na sioni sababu ya kulileta bomba hilo kwenye ua wa watoto. Nunueni nyanya sokoni, kama Mawenzi hapa Morogoro, mlime nyanya chungu na bamia.

Mbegu zinunuliwe kwenye duka linaloaminika, zikiwa kwenye pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya udhibiti wa ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho isomwe kabla ya kulipa. Mbegu zinazogawiwa bure hupimwa kwanza: funikeni mbegu 20 ndani ya kitambaa chenye unyevu kwa siku 5, na zikiota chini ya 12 msiharibu tuta. Mchicha, mnafu na kunde za kienyeji ziachiwe mashina machache bora yatoe mbegu za msimu ujao.

Kando ya uzio pandeni mipapai, miche mitatu kwa kila shimo, kwa sababu baadhi huwa ya kiume na haijulikani mpaka ichanue. Hapo muache mmoja unaozaa. Ndani ya mwaka mmoja kuna matunda. Maembe na maparachichi yawe ya miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kijiti cha mti unaozaa, vinginevyo watoto watakaoyala hawajazaliwa bado.

Wadudu na dawa

Kila asubuhi mtu apite kwenye matuta akigeuza majani. Vidukari wachache huoshwa kwa maji au kuzuiwa kwa majivu. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, husaidia dhidi ya viwavi yakinyunyizwa jioni. Mboga za ukoo mmoja zisirudie tuta moja mfululizo: palipokaa sukuma wiki pafuate kunde. Ikibidi kutumia kiuatilifu cha dukani, afisa ugani wa kata ndiye aelekeze, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo zihesabiwe kwa tarehe ukutani, na chupa isilale usiku hata mmoja ndani ya stoo ya chakula wala isigeuzwe ya maji.

Nani ashike jembe

Bustani inayomwagiliwa na kila mtu hufa wiki ya kwanza ya likizo. Lazima awepo mtu mzima mmoja anayelipwa, hata kama ni kwa nusu siku, ambaye jina lake liko ubaoni na ambaye akiugua anajulikana anayemshikia. Kama mna fedha za kitu kimoja tu, zitumieni kwa mshahara wake wa miezi 12 badala ya pampu. Nayasema haya nikijua kwamba wachangiaji hupenda pampu, kwa sababu inabandikika kibao.

Watoto wana nafasi yao, lakini ina mipaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyoathiri mahudhurio yake shuleni. Mtoto mdogo kumwagilia mche wake kwa kopo la nusu lita ni malezi ya kawaida kama yalivyo ya nyumbani kwetu sote. Mtoto kubeba ndoo ya lita 20 mara sita kabla ya kwenda shule ni unyonyaji, hata kama mboga anakula yeye. Kulima kusitumike kamwe kuwa adhabu. Mlezi anayempeleka mtoto mtukutu "akapalilie tuta zima" anamfundisha kwamba shamba ni jela, na atakapokuwa mkubwa atalikimbia. Na wageni waombwe wasiwapige watoto picha wakiwa na majembe. Picha ya mchicha inatosha.

Njia iliyotufaa ni kumpa kila mtoto anayetaka, na si anayelazimishwa, shina moja la mpapai au gunia moja la kushirikiana wawili. Watoto waliokuwa wakiusukumia pembeni mnafu waliula siku walipouchuma wenyewe, wakibishana ni wa nani uliokuwa mtamu.

Kurudi jikoni

Mboga iliyolimwa kwa taabu inaweza kupotezwa kwa nusu saa ya moto. Ioshwe kabla ya kukatwa, ikatwe karibu na muda wa kupikwa, ipikwe kwa maji machache na muda mfupi, wala maji yake yasimwagwe. Itiwe mafuta kidogo, karanga zilizotwangwa au tui la nazi, kwa kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Ndimu ikikamuliwa juu ya mboga na maharage, au papai likitolewa pamoja na mlo, mwili hufyonza zaidi madini ya chuma. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isogezwe walau saa moja mbali na chakula. Kisamvu ni lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, kwa sababu kibichi kina sumu. Hili mama mpishi analijua. Anayepaswa kuambiwa ni kijana wa kujitolea anayetaka kumwongoza.

Mboga zikizidi wakati wa masika, zichovywe kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, zianikwe kwenye chekeche kivulini au ndani ya kaushio la jua lililofunikwa, kwa sababu jua kali la moja kwa moja huharibu vitamini. Zikikauka huwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa mpaka kiangazi.

Kituo kikinunua mahindi kwa gunia ili kisage dona, jambo ambalo naliunga mkono kwa kuwa dona hubaki na kiini na pumba, unyevu upimwe kabla ya kulipa. Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu waotao kwenye mahindi yenye unyevu, haionekani, hainuki, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kipimo cha bei nafuu ni hiki: chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mtie mahindi hadi theluthi yake na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, mfunge kizibo, mtikise kwa nguvu kwa dakika moja na kuiacha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi hayo bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa, na muuzaji ayaanike tena. Nimemwona mfanyabiashara akicheka alipoiona chupa, kisha akaacha kucheka.

Kuku wasubiri mwaka wa pili. Watoto 38 wakila mayai mawili kila mmoja kwa wiki mnahitaji mayai 76, na mtetea chotara mwenye afya anayetaga matatu au manne kwa wiki anamaanisha kundi la kuku 25 hivi, chakula cha kununua, banda, na chanjo ya kideri ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu bila kuruka. Aliyeshindwa kumwagilia mchicha kwa mwaka mmoja hataikumbuka chanjo.

Daftari na safari ya marando

Wekeni daftari moja jikoni na mizani ndogo kando yake. Kila mboga inayoingia ipimwe, iandikwe tarehe, kilo, na bei ambayo ingelipwa sokoni siku hiyo. Mwisho wa mwezi jumla huoneshwa kamati na afisa ustawi wa jamii anapokuja kukagua, nayo ndiyo hoja ya kuendelea kumlipa mtunza bustani. Na tarehe zilizo wazi humwonesha mpishi ni wiki gani zamu ya kusia iliruka.

Watoto wengi wa vituoni wana ndugu, na kila mwisho wa mwaka wapo wanaokwenda likizo kwa shangazi au bibi, na wengine kurudi moja kwa moja. Siku mbili kabla ya safari, mtunza bustani akate kwa kila mtoto anayeondoka marando 30 ya viazi lishe, ayafunge kifundo kwa kamba ya mgomba, apunguze majani ya chini, na ayaviringishe ndani ya kiroba chenye unyevu, kisha ayahifadhi kivulini. Ndani ya basi yakae miguuni pa mtoto, mbali na injini, na yakifika yapandwe jioni ile ile au kesho yake, fundo tatu za kila rando zikiwa chini ya udongo, palipolowanishwa kwa ndoo moja ya maji.